Mbuzi Walioshuhudia Nyota

Mji wa Kale una watu wa namna mbili: wenye vitabu na wenye kusikia habari za vitabu. Aidarus bin Hamadi alikuwa wa namna ya kwanza, na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau jambo hilo. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha babu yake, kimeandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kurasa mia na kitu, jalada la ngozi limeliwa na mende pembeni. Babu alinakili humo mambo kutoka vitabu vilivyokuwa vikongwe zaidi: fulani kazikwa lini, njaa iliingia mwaka gani, jua lilipatwa siku gani. Nyumba ilikwisha kugawanywa kwa warithi ghorofa kwa ghorofa, kiinua mgongo cha ukarani wa bandarini kilikwenda kwenye paa, na jina la ukoo likabaki limeegemea kitabu hicho peke yake. Aidarus aliyajua hayo vizuri. Siku watu watakapoacha kukiamini kitabu, yeye atakuwa mzee mwingine tu anayekaa barazani akingoja adhana.

Basi akawa akikisifu asubuhi na jioni. "Lolote lililotukia pwani hii limo," alikuwa akinena, akipiga goti lake kwa kiganja. Sherali, mwenye duka la vioo na fremu za picha upande wa pili wa kichochoro, alikuwa na tabia ya kumuuliza mbele ya watu kama limo pia jina la aliyemwibia baiskeli mwezi uliopita. Watu hucheka, na Aidarus huimeza kahawa yake chungu pamoja na kejeli.

Siri, na kila nyumba ina siri yake, ni kwamba mwenye kitabu hakuwahi kukisoma chote. Utotoni alisoma kurasa ishirini za mwanzo, babu kamshika mkono akimfundisha kuandika kwa kuzinakili. Zilizobaki aliziheshimu kwa mbali.

Mwanzoni mwa mwaka 1999, Idi imepita na vyombo vya watu vimerudi kwa wenyewe, mlangoni pakasimama kijana mrefu mwenye miwani na begi la mgongoni. Alikuwa Dzoro, mtoto wa Kaloleni, anayesomea udaktari wa fizikia Ujerumani, amekuja kumwona mama yake na kufikia kwa dada yake, mtaa wa Mbaraki. Dada huyo, Sidi, alifanya kazi chini ya Aidarus kule bandarini, na kwa miaka minane alisikia habari za kitabu kila saa ya chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, keti. Mgeni hasemeshwi mlangoni."

Bi Lamis, mkewe, akaleta kahawa na kashata, kisha akarudi nyuma ya pazia, mahali ambapo kwa miaka arubaini alikuwa akisikiliza kila kitu kwa raha zaidi kuliko waliokaa mbele. Dzoro akaeleza kazi yake. Nyota kubwa ikifa hulipuka, alisema, na masalio yake huendelea kutanuka angani kwa maelfu ya miaka. Huitwa mabaki. Yana joto la mamilioni ya digrii, kwa hiyo hayatoi mwanga wa kuonekana kwa macho bali miali ya eksirei, na kwa kuwa hewa yetu huizuia miali hiyo, vyombo vya kuinasa hupelekwa juu kwa setilaiti.

"Na wewe wapanda huko juu?" Aidarus akauliza.

"Hapana, mzee. Mimi nakaa chini, nahesabu. Mwaka jana limegunduliwa baki moja upande wa kusini, limejificha nyuma ya baki jingine kubwa zaidi. Huwezi kuliona mpaka uondoe miali hafifu yote, ubakishe ile mikali tu. Na papo hapo setilaiti nyingine imenasa miali ya gama ya madini yaitwayo titani. Madini hayo hayadumu. Kila miaka sitini hivi nusu yake hupotea, kwa hiyo ukipima yaliyobaki, unajua nyota ililipuka lini."

"Kama udi," ikasema sauti ya nyuma ya pazia. "Waingia nyumba ya watu, wasikia harufu, wajua umefukizwa yeo au juzi."

Dzoro akageuka, uso umemwangaza. "Ndiyo hesabu yenyewe, mama! Sijapata kumsikia profesa akiieleza vizuri hivyo."

"Basi na hii harufu ya jaa la Kibarani mbona haipungui hata nusu?"

Aidarus akakohoa, kikohozi cha kumwambia mke kwamba mgeni ni wake yeye. Dzoro akaendelea, akisema haraka haraka kama mtu aliyekaa na neno siku nyingi. Hesabu ilionyesha nyota hiyo ililipuka kama miaka mia saba iliyopita, kati ya 1250 na 1320. Ingewaka kuliko nyota zote, chini upande wa kusini, kwa miezi kadhaa, pengine ikaonekana hata mchana. Wachina waliokuwa wakiandika kila kitu hawakuiandika. Waarabu hawakuiandika. Wazungu kule kwao isingewachomozea kabisa.

"Lakini hapa ingeonekana vizuri, mzee. Nahitaji mtu mmoja tu aliyeiona. Tasnifu yangu yote imesimama juu ya umri wa baki lile, na sina shahidi." Akakitazama kitabu kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani. "Dada ananiambia humu limo kila lililotukia."

Mtu wa mji mwingine angesema hajui, aende akatazame. Mtu wa Mji wa Kale hamwambii mgeni hakuna. Hata duka likiwa tupu tangu mwezi jana, mwenyewe husema bidhaa imekwisha sasa hivi, rudi kesho inshallah. Neno hakuna ni la mtu asiyelelewa. Na zaidi ya hayo Sherali alikuwa amesimama nje ya dirisha, ameacha kioo cha watu dukani, ametega sikio.

"Imo," akasema Aidarus.

Aliposikia alilolisema, ilikuwa limekwisha kutoka. Akaongeza kwamba kurasa ni nyingi na mato yake ni mazee, kijana arudi Jumatano.

Siku tatu zilizofuata alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka sitini: alikisoma kitabu cha babu yake toka mwanzo hadi mwisho. Alikuta kupatwa kwa jua mara mbili. Alikuta njaa nne, kipindupindu kimoja, dawa ya kuharisha, dawa ya kufunga kuharisha, nasaba za watu ambao wajukuu wao alikuwa hasemi nao, na ugomvi wa ukuta uliochukua kurasa sita. Nyota hakuiona. Alirudia tena kuanzia nyuma, akidhani labda ameiruka kati ya ukuta na kuharisha. Haikuwepo, na siku ilikuwa Jumanne.

Kwenye ukurasa wa themanini na moja palikuwa na nafasi tupu, nusu ukurasa. Aidarus aliitazama kwa muda. Alijiambia kwamba nyota ile ilitokea kweli, wataalamu wamethibitisha kwa setilaiti. Alijiambia kwamba wazee wa pwani hawakuwa vipofu, basi bila shaka waliiona. Kilichokosekana ni kuandika tu, na kuandika ni kazi ndogo. Akaenda jikoni kukwangua masizi ya wino.

"Masizi ya sufuria yangu wayapeleka wapi?" Bi Lamis akamuuliza.

"Dawa."

"Ya nani?"

"Ya mgeni."

Bi Lamis akamtazama vidole, akalitazama na bakuli la gundi iliyowekwa ilowe. "Bwana, njia ya mwongo ni fupi."

"Hii si njia. Ni mistari mitatu."

Mkono wake ulikuwa mkono wa babu yake. Alifundishwa kwa kushikwa, na hakuwahi kujifunza mwingine. Kalamu ya tete ilitembea yenyewe. Mwaka aliuchagua katikati ya ile miwili aliyotajiwa, akaugeuza kuwa wa Kiislamu, akaandika: katika mwaka wa mia sita na thamanini na nne ilitoka nyota upande wa kusini, ikawaka kama mwezi wa siku tatu, ikakaa miezi mitatu, ikaonekana na mtana. Hapo angesimama mtu mwenye akili. Lakini Aidarus alikwisha kunogewa, na wino ulikuwa bado upo. Akaongeza: na mbuzi wakakataa kuingia zizini.

Jumatano Dzoro alisomewa mistari ile, maana herufi za Kiarabu hakuzijua. Aliomba asomewe tena. Kisha akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Alipiga picha ukurasa mara kumi na mbili na kurasa nyingine pia, akambusu mzee mkono, jambo ambalo watu wa Kaloleni hawana desturi nalo. Aidarus aliona haya ya dakika moja. Halafu akatoka nje, akamkuta Sherali amesimama palepale, na kwa mara ya kwanza Sherali hakuwa na swali.

Barua zikaanza kuja. Dzoro aliandika kwamba profesa wa Kiarabu katika chuo chake amelinganisha mwandiko na kurasa nyingine na kuona ni mkono mmoja. Aliandika kwamba waalimu wake walikuwa na shaka hadi walipofika kwa mbuzi. Mwalimu wake mkuu, mtu mgumu, aliwaambia wenzake kwamba mwongo hubuni malaika na moto na sauti kutoka mbinguni, lakini hakuna mwongo duniani anayebuni mbuzi. Aidarus aliisoma barua hiyo barazani mara nne, kila mara kwa ajili ya mtu aliyechelewa.

Heshima ikapanda kama maji ya bamvua. Bwana mkubwa mmoja wa Kizingo alikuja na gari, likakwama kwenye kona, akamaliza safari kwa miguu ili akione kitabu. Waalimu walileta wanafunzi. Watu waliokuwa wakielekezwa njia walianza kuambiwa wapite kwa mwenye kitabu cha nyota kisha wakate kulia. Sherali mwenyewe alitengeneza sanduku la kioo lenye kufuli, akalibeba kuvuka kichochoro, akaliweka sebuleni bila kutaka shukrani. Kitabu kililazwa ndani, kimefunuliwa ukurasa wa themanini na moja. Na kufikia mwezi wa saba Aidarus alikuwa akieleza habari ya mbuzi wale kwa undani ambao hata hakuuandika: wangapi walikuwa, beberu alisimama wapi. Siku nyingine alikuwa akiwaona.

Bi Lamis alifuta kioo kila Ijumaa, akarudi jikoni.

Wiki moja kabla ya Ramadhani Dzoro alirudi. Amekonda. Hakugusa kashata.

"Mzee, wamebadilisha hesabu."

"Nani?"

"Wenzangu. Wameipima upya ile miali ya gama ya titani, ishara ni dhaifu mno, huenda haikuwa ishara kabisa. Na mwendo wa gesi tunayoiona kwa eksirei ni wa polepole kuliko tulivyodhani. Sasa wanasema baki lile ni la zamani sana. Miaka elfu mbili, tatu, labda zaidi. Miaka mia saba iliyopita pale hapakuwa na cha kuonekana."

Na Aidarus, haya ndiyo maajabu ya binadamu, akakasirika kwa niaba ya kitabu. "Hao wanena tu. Vyombo vyao ndivyo vilivyokosea."

"Nimewaambia hivyo hivyo!" Dzoro akasogea mbele ya kiti. "Nimewaambia, ninyi mna vipimo, mimi nina shahidi. Wakasema niyafute maandishi ya babu kwenye tasnifu. Nikakataa. Wamenipa kazi, mzee, ya miaka mitano, kulichunguza baki lile kwa setilaiti mpya, za leo zenye macho makali. Vijana mia wanaitamani. Sharti ni moja, niweke sahihi kufikia Ijumaa na maandishi yale yatoke. Sitaweka."

"Huweki? Kwa nini?"

"Kwa sababu babu yako hakusema uongo. Kama nyota aliyoinakili si ya baki lile, basi ni nyota nyingine, na baki lake liko angani, hakuna aliyeliona. Nitalitafuta mwenyewe. Nitapitia kusini yote, kipande kwa kipande. Miaka kumi, kumi na mitano, hata bila mshahara wao. Nimekuja kukuaga na kuuliza kama humu mna neno jingine, lolote, la kunionyesha upande."

Aidarus alikitazama kioo. Ndani yake aliiona sebule yake, heshima yake ya mwaka mmoja, na uso wake. Aliona haya, haya ya kweli safari hii, isiyopita kwa dakika. Hapa palikuwa na mtoto wa watu, mama yake aliuza nazi Kaloleni mpaka mwanawe akafika kwa Wazungu, na sasa anakwenda kuyamaliza maisha yake akitafuta angani masizi ya sufuria. Na kumwokoa kulikuwa na bei moja tu, ambayo ni kila alichokuwa nacho. Pazia la jikoni halikutikisika. Bi Lamis alikuwa nyuma yake, akisikiliza.

"Weka sahihi," Aidarus akasema.

"Mzee?"

"Hapana nyota, mwanangu. Ile mistari n'liiandika mimi. Siku ya Jumanne, kabla hujarudi."

Dzoro alimtazama, kisha akatabasamu polepole, tabasamu la mapenzi makubwa, na hilo ndilo lililomuumiza Aidarus kuliko matusi. "Unanihurumia. Sidi aliniambia wewe ni mtu wa namna hiyo. Umeona nitapoteza kazi, ukaamua kujiaibisha wewe ili nisiharibikiwe mimi. Asante, mzee. Lakini siwezi kukubali."

"N'nakwambia n'liiandika!"

"Na mbuzi?"

"Mbuzi n'liwatia mwenyewe. Wino ulibaki."

Dzoro akatikisa kichwa, bado ametabasamu. Na hapo, baada ya miaka yote ya kutaka aaminiwe, Aidarus akaona ubaya wa kuaminiwa. Alikuwa mwongo wa siku moja aliyesadikiwa mwaka mzima, na sasa anasema kweli, hasadikiwi hata dakika moja. Akaita kwa sauti aletewe kalamu.

Bi Lamis alitoka papo hapo. Kalamu ya tete ilikuwa mkononi mwake, na bakuli la wino mbichi. Inaonekana alianza kuukoroga kijana alipokuwa bado anaeleza habari ya gesi. Akaviweka juu ya meza. "Andika, bwana," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote.

Aidarus akaandika kwenye karatasi ya kufungia kashata. Mwaka, kusini, mwezi wa siku tatu, miezi mitatu, mtana, mbuzi. Dzoro hakujua kusoma herufi zile, lakini kwa mwaka mzima aliikodolea picha ya ukurasa ule ukutani kwake, akaijua kila kona yake. Aliijua ile nukta iliyokaa juu kidogo kuliko haki yake. Aliujua mkia wa herufi ya mwisho ulivyopinda. Sasa aliuona ukipinda mbele yake, wino ukiwa bado unang'aa.

Tabasamu likamtoka. Aidarus alingoja atukanwe, na alikuwa tayari, hata angelipenda. Dzoro hakutukana. Aliomba ufunguo wa sanduku, akakitoa kitabu kwa mikono miwili, akaanza kukifunua kuelekea nyuma, taratibu, kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kupima.

"Na hii?" akauliza, kidole juu ya ukurasa.

"Kupatwa kwa jua. Hiyo ni ya babu."

"Na hii?"

"Njaa. Ya babu pia. Hayo yote ni yake, wallahi. Mimi n'liongeza mistari mitatu tu."

"Alikuwa akimwonyesha nani kitabu hiki?"

"Wengi. Wazungu wa serikali walikuya wakiuliza habari za kale, mipaka, nani alitangulia kukaa wapi. Mahakimu walikuya. Wenye kudai nasaba zao walikuya." Aidarus akajikuta, bila kukusudia, anakaa wima kidogo. "Kila mmoja alifunguliwa kitabu."

"Nao walipata walichokitafuta?"

"Wote," akasema Aidarus. "Hapana hata mmoja aliyetoka nyumba hii hajaridhika."

Dzoro akailaza karatasi ya kashata kando ya ukurasa wa babu. Mkono wa Aidarus ulikuwa ungali juu ya kalamu. Kisha akakivuta kitabu kwake, akatafuta miwani, akaanza kuusoma upya ukurasa wa kwanza.